Uvimbe wa Maji

Sipendi kukumbuka Amagoro, lakini ng'ombe yule hanitoki akilini. Katikati ya miaka ya sabini nilipelekwa huko kutibu mifugo, mimi mtu wa Taita, na baiskeli yangu na mkebe wa sindano. Kiteso sikujua hata neno. Watu waliniita daktari, wakanishikia ng'ombe, nikamaliza, kwaheri. Jioni nilisonga ugali wa mtu mmoja nikaula nikitazama ukuta. Upweke ulinitafuna, sitaki kudanganya.

Ndipo nikaitwa na mama mmoja wa njia ya Malaba. Wanawe wawili walikuwa Tororo, ng'ambo ya mpaka, na siku hizo mpaka ulifungwa bila taarifa, kwa hiyo alikuwa amebaki na ng'ombe mmoja wa maziwa, basi. Ng'ombe mwenyewe alikuwa na homa, anakohoa, majani hayagusi. Nikamwambia mama ni siku tatu za penisilini, na maziwa yote amwage mpaka nitakapomruhusu.

Kudunga chini ya ngozi si kazi ya nguvu. Unafinya ngozi ya shingo, unaiinua, unapitisha sindano chini yake, unasukuma taratibu. Panabaki uvimbe. Kule, sindano isiyoacha uvimbe haikuhesabiwa. Mwenye ng'ombe alipapasa mbele yako, na asipouona, wewe ni mwizi wa dawa. Mama huyu alizidisha: aliukanda kwa kitambaa cha maji moto, huku mimi nimekaa kwenye kigoda chake nikinywa strungi, chai isiyo na maziwa. Aliniuliza mambo ya kwetu. Mama yangu hupanda nini? Huniandikia barua? Tangu nifike hakuna aliyewahi kuniuliza hayo.

Siku ya tatu ng'ombe alikuwa anang'oa mpaka nyasi za paa. Amepona, kazi imekwisha. Nami nikafungua mdomo nikasema bado siku tatu.

Dawa ya serikali sikuthubutu kuipoteza, jamani, hata ujinga wangu ulikuwa na mwisho. Nilichemsha maji nyumbani, nikayapoza, nikayavuta kwenye bomba la sindano, nikalificha kiganjani mama asione kwamba maji si meupe kama dawa. Nikadunga. Uvimbe ukatoka, mzuri kabisa. Mama akaukanda, akakunja kitambaa chake, kisha akauliza kwetu mvua hunyesha mwezi gani. Kesho yake ikawa hivyo hivyo.

Siku ya mwisho nilipomaliza kudunga akaniletea kikombe, na chai ilikuwa ya maziwa.

Nilishtuka. Nikamkumbusha kwamba maziwa sijayaruhusu, dawa bado imo mwilini. Hakukasirika. Alitupia kitambaa chake begani akanitazama.

"Uvimbe ya dawa nakanda mpaka mkono inachoka, haiishi," akasema. "Hii yako ya juzi iliisha maji yangu ikiwa bado moto. Kunywa chai, daktari. Kesho kuja bila sindano."

Niliinywa yote, macho chini. Nilipokuwa njiani na baiskeli ndipo nikaelewa: alijua tangu sindano ya kwanza ya maji, na bado alimshika ng'ombe wake pembe, nimdunge maji mara mbili zaidi.

Kesho yake sikwenda. Wala kesho kutwa. Niliona aibu, nikapita njia nyingine mpaka nikahamishiwa Matayos. Yale maji nilishajisamehe zamani. Siku ile aliyoniambia nije bila sindano siwezi, kwa sababu najua alichemsha chai ya watu wawili.