Nafasi ya Ketaki

Nikwambie ukweli, Kamal nilimwonea wivu, na wivu wenyewe si wa mchezo. Mimi napiga pasi ya mkaa chini ya ngazi za ghorofa moja hapa Pune, India, na yeye alikuwa akiuza mboga hatua kumi kutoka mezani kwangu. Mwanamke mjane, mtoto wa wakata miwa, shule aliishia darasa la nne. Sasa mtu kama huyo nani alimpa mdomo ule?

Siku moja askari alitaka kumwondoa na kikapu chake. Kamal akasimama, mkono kiunoni. "Katiba imenipa haki ya kufanya kazi halali, bwana. Wewe imekupa haki ya kupiga teke nyanya zangu?" Watu wakacheka, askari akaenda zake. Mimi nilikuwa nanyoosha shati la mtu huku roho inaniuma. Kwa nini mimi kila siku ni "ndiyo, mkubwa"?

Yeye ndiye aliyeniambia kwamba shule za kulipia lazima zitenge robo ya nafasi kwa watoto wa akina sisi, bure, mradi wakae karibu.

"Hisani zao wabaki nazo," nikasema.

"Hisani gani, dada? Kusoma ni haki ya mtoto, imo kwenye Katiba. Lete vyeti."

Akanijazia fomu ya Pallavi wangu, kisha akajaza ya Ketaki wake. Kura ya bahati nasibu ikapigwa. Ketaki akapata. Pallavi akawa wa kwanza kwenye orodha ya wanaongojea.

Kamal akaniletea vitamu vya maziwa. Nilikula, nikasema hongera. Mdomo amepewa, na kura nayo apewe yeye? Nikaacha kununua mboga zake, nikawa nawaambia watu zimenyauka. Uongo mtupu.

Wiki ile ile mwenye nyumba akamtoa chumbani. Kamal akahamia kwa dada yake, mbali, ng'ambo ya mto, huku akitafuta chumba kingine mtaani kwetu. "Usimwambie mtu, dada," akanisihi. "Nikipata chumba kabla watu wa shule hawajaja kukagua tunakokaa, tumepona."

Mkaguzi akaja Alhamisi, jua la utosi, faili kwapani. Akanijia mimi, maana mpiga pasi anajua kila mlango.

"Mama, Kamal Gaikwad anakaa hapa?"

Ningeweza kusema ndiyo, basi, yakaisha.

"Amehama," nikasema. "Yuko ng'ambo ya mto." Na mkono nikaunyoosha kumwonyesha njia.

Siku nne baadaye simu ikaita. Ketaki amefutwa, nafasi ni ya Pallavi, vyeti vifike shuleni leo kabla ya saa kumi na moja. Wala sikupiga vigelegele. Nilikaa juu ya bunda la nguo za watu.

Mara Kamal huyo, anahema. Alikuwa ameiona orodha kwenye ubao wa shule.

"Umekaa? We mwanamke una wazimu? Vyeti viko wapi? Inuka nikakusemee, wewe mbele ya wakubwa ulimi unakufa!"

"Kamal, nisikilize..."

"Ngoja niseme mimi kwanza, nisije nikapasuka. Kuna mwanaharamu amenichongea, simjui, Mungu anamjua. Lakini wewe nakuonea wivu, dada. Nakuonea wivu mpaka natamani kukuzaba kofi. Haya, nimesema, yameisha." Akajifuta uso kwa ncha ya sari, akanishika mkono. "Twende, wanafunga."

Nikamfuata. Pale dirishani karani alitaka kuturudisha kwa sababu ya nakala moja, Kamal akamkalia kooni mpaka Pallavi akaandikwa.

Sasa ni mwaka wa tatu. Pallavi anasoma pale, Ketaki anasoma shule ya ng'ambo yenye mwalimu mmoja, na Kamal bado ananiita dada. Yeye wivu wake aliutoa kwa maneno mawili matatu, mchana kweupe, ukaisha. Mimi wangu bado sijamwambia.