Chai Juu ya Regyuleta

Siku ya kwanza nilipewa koti jeupe lililonifika magotini na kuambiwa nisiguse kitu. Ilikuwa miaka ya hamsini, katika maabara moja ya kupimia mafuta katikati ya mji wa Nairobi. Nilifika kwa baiskeli kutoka Riruta, nilikopanga chumba na mke wangu na mtoto mchanga. Aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Mkuu, Kalasinga wa Ngara, mtu asiyependa maneno mengi.

Kazi yangu ilikuwa mitungi. Kabla ya kupima petroli au dizeli tulipitisha gesi ya kaboni, ile inayotia soda mapovu, ili ifukuze hewa iliyomo kwenye chupa. Gesi hutoka mtungini kwa nguvu nyingi, kwa hiyo hupitia regyuleta, kichwa cha shaba kinachoipunguza nguvu. Sasa, vijana, gesi ikitanuka ghafla hupoa. Ukifungua kwa pupa, shaba huvaa barafu, njia huziba, na kipimo chako kimekwenda na maji. Dawa ni kufungua polepole na kuzungushia kitambaa kilicholoweshwa maji moto. Maji hayo tuliyachota kwenye birika la chai ya saa nne.

Akaja Mkemia Mkuu mpya, Mzungu kijana mwenye haraka. Alipoliona birika alisema, "Hii ni maabara, si hoteli." Likapelekwa stoo. Niliudhika.

Asubuhi moja ya Julai, baridi ikiuma, alifungua gesi mwenyewe, yote kwa mara moja. Haukupita muda regyuleta ikawa nyeupe, gesi ikakatika. Akanigeukia.

"Washa taa ya spiriti. Weka moto hapa chini."

Petroli ilikuwa wazi mezani, hatua mbili kutoka tulipokuwa sisi watatu, mimi, yeye na Fundi Mkuu. Mvuke wake hauonekani, lakini hutambaa, na ukikutana na moto hauulizi nani mkubwa.

"Bwana, petroli iko wazi," nikamwambia.

"Mimi nasema washa. Hutaki, chukua kofia yako, enda."

Msidhani yalikuwa maneno matupu. Siku hizo asiye na kazi hakuwa na kibali cha kukaa mjini. Ningepanda gari la moshi kurudi kwetu magharibi na mtoto mgongoni mwa mama yake, na kule hakukuwa na chochote cha kunisubiri. Nilikuwa nimeshashika kiberiti, nakiri. Lakini nilikirudisha mezani.

"Siwezi, Bwana."

Akaenda mlangoni kumwita karani aje aandike barua. Ndipo Fundi Mkuu alipofungua chupa yake ya chai, chai ya maziwa aliyopikiwa nyumbani, akaimimina yote kwenye kitambaa na kuizungushia ile shaba. Barafu ikaanza kudondoka. Gesi ikarudi, na maabara ikanukia tangawizi.

Mkemia Mkuu aliporudi na karani alitazama saa ya presha, ile inayoonyesha nguvu ya gesi, akatazama kitambaa. "Endeleeni," akasema. Karani akarudi na karatasi yake tupu. Mkemia hakuniomba radhi, wala sikutegemea.

Mchana nilimshukuru Fundi Mkuu. Alikuwa akiosha chupa yake, hakuinua macho.

"Usishukuru mimi. Mwezi jana, siku ya kupima dizeli, yeye aliambia mimi hivyo hivyo."

"Ukafanya nini?"

"Mimi niliwasha. Petroli ya asubuhi ilikuwa bado iko mezani. Wewe ulikuwa chumba ya pili, unaosha vyombo. Mimi niko na watoto wanne, nilifikiria hao. Wewe sikufikiria."

Nilifanya kazi naye miaka mingi baadaye, hadi alipostaafu, kisha nikastaafu mimi. Watu huniuliza kama nilimkasirikia. Nilimkasirikia, ndiyo, kama wiki nzima. Halafu nikakumbuka kwamba siku ile, nikiwa na kiberiti mkononi, nilimfikiria mtoto wangu na nikafikiria petroli. Kwamba yeye Fundi alikuwa amesimama kando yangu, hilo wala halikunijia akilini.