Mwololo Achoma Biringanya

Ukiuliza watu wa Kitengela ni nani anayejua kuchoma nyama, utaonyeshwa Mwololo. Hana hoteli, hana bucha yake, ameajiriwa tu, na aproni yake ilishapoteza rangi zamani. Hata hivyo watu hutoka Nairobi siku ya Jumapili, wakapita majiko ya wengine barabara nzima, waje kukaa kwenye viti vya plastiki kungoja mkono wake. Mbuzi wa soko la Bisil yeye humjua kwa harufu, mbuzi akiwa bado kwenye buti la gari. Wala hilo si la kushangaza sana, maana mtu aliyesimama mbele ya makaa tangu ujana wake asipojua nyama, atajua nini?

Mboga ndizo hakuzijua. Nyumbani hakuwahi kupika. Jiko la mkewe, Mbithe, alilijua jinsi mtu anavyoijua nyumba ya jirani: mlango uko wapi, na basi.

Shida ilianza mwezi wa nne, binti yao wa pekee, Kamene, alipomleta kijana nyumbani. Jina lake Bedan, mtu wa Kona Baridi, fundi wa sola, mpole, mwenye adabu. Mwololo alimchomea mbavu kwa mikono yake mwenyewe. Kijana akashukuru, akaisogeza sahani pembeni kwa kidole kimoja, akala ugali na kachumbari. Kumbe hali nyama. Tangu utotoni ikifika kooni inarudi.

Mwololo alijisikia kama amepigwa kofi hadharani. Karo ya Kamene ilitoka kwenye makaa. Mabati ya nyumba yalitoka kwenye makaa. Leo mtoto wa watu anakuja kuyasukuma maisha yake pembeni kwa kidole! Akasema neno ambalo hangeweza kulirudisha, kwamba mwanamume asiyekula nyama hawezi kuoa kwake. Kamene akachukua mkoba wake akatoka, na Bedan nyuma yake akiomba msamaha kwa kosa asilolijua.

Tangu siku hiyo Kamene alizungumza na mama yake tu, kwa simu. Mwololo naye alikuwa ghafla mtu wa kutafuta rimoti ya TV, na rimoti yenyewe ilipotea kila mara mahali pale pale Mbithe aliposimama na simu sikioni. Alitaka kusikia sauti ya mtoto wake, wala hakuwa na njia nyingine.

Kisha siku moja Kamene akampigia yeye mwenyewe.

"Dad, tunakuja Sunday, mimi na Bedan," alisema. "Lakini ukimwekea nyama tena, mimi sitawahi kukuja huko tena."

Mwololo akaitikia haraka, kabla simu haijabadili nia. Halafu akakumbuka kwamba Mbithe yuko Illasit, kwa dada yake, wanavuna vitunguu. Akampigia kumwomba arudi. Mbithe alimsikiliza vizuri sana, kisha akamwambia kwamba aliyemfukuza kijana ndiye atakayemlisha, na kwamba lolote atakalofanya, asichome.

Ndipo akaenda kwa Keziah, mama mboga wa pale kona, akauliza mtu asiyekula nyama anakula nini. Keziah alimwangalia kwa huruma, akamwonyesha biringanya, nyeusi, zinang'aa kama viatu vya mchungaji. Akamwambia hiyo ndiyo nyama ya watu wasiokula nyama. Mwololo akapata nguvu kidogo. Akaishika moja, akaibonyeza ubavuni, akainusa, akauliza imetoka soko gani na kama ni ya kiume au ya kike. Keziah alikuwa amezoea wateja wa kila aina. Akajibu kwamba ya kike ina mbegu nyingi, ya kiume imenona. Mwololo akachukua za kiume, mfuko mzima, za kujaribia na za wageni.

Kwanza akazifunga kamba shingoni na kuzining'iniza kwenye dirisha la jikoni usiku kucha ili damu ichuruzike, kwa sababu nyama isiyoning'inizwa haiivi vizuri. Asubuhi, siku ya Jumamosi, akatazama chini ya dirisha. Hakukuwa na tone. Jambo hilo lilimtia wasiwasi, lakini akaendelea.

Ya kwanza akaichemsha kama supu, kwa muda ule ule anaochemshia miguu ya ng'ombe. Alipofunua sufuria alikuta maji ya kijivu na kitu kimelala ndani kama soksi. Ya pili akaikata na kuikaanga. Ikanywa mafuta yote. Akaongeza, ikanywa tena, ikabaki inamtazama na kiu yake, hadi chupa ya Mbithe ikaisha. Mwololo aliogopa. Hajawahi kuona mnyama wa namna hiyo. Mafuta kwa kawaida hutoka kwa nyama, hayaingii.

Akakaa kwenye kigoda, akasema kwa sauti, peke yake, kwamba Mbithe amsamehe, anachoma.

Akawasha makaa nje, akaweka wavu, akalaza biringanya. Ilitulia, ikapiga mluzi mdogo, ikapasuka kwa kishindo na kumrukia kifuani, na mbwa wa jirani akaruka ua. Hapo ndipo akili ilipomrudia. Mutura nao, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, hupasuka usipoutoboa. Hii si nyama, alijiambia, huu ni mutura alioushona Mungu mwenyewe. Akachukua msumari, akaitoboa nyingine pande zote, akaiweka mbali kidogo na moto, akaanza kuigeuza bila haraka. Ngozi ikaungua, ndani ikalainika, moshi ukaingia. Akaonja kwa ncha ya kisu. Akaonja tena. Alilala usingizi mzuri siku hiyo.

Kilichobaki ni kwamba baba hapokei mchumba wa bintiye peke yake. Ilibidi amwite kaka yake mkubwa, Maundu, dalali wa mifugo soko la Bisil, mzee ambaye kwake jambo lisilo na mbuzi halijatokea. Maundu alikuwa ameuliza kwenye simu kama alete mbuzi. Mwololo, kwa woga, alimjibu kwamba mbuzi iko.

Basi Jumapili Maundu akafika na kisu chake mwenyewe, kimefungwa kwenye gazeti. Akakinoa kwenye ukingo wa ngazi. Kamene na Bedan nao wakafika. Kamene alimsalimia baba yake kwa mkono, kama mtu anavyomsalimia chifu, akakaa uani karibu na geti, mkoba begani. Mwololo aliuona ule mkoba. Bedan akakaa ukingoni mwa kiti na kutazama makaa kwa hofu.

Maundu aliomba kuonyeshwa ngozi. Katika ukoo wao, aliye mkubwa huonyeshwa ngozi ya mbuzi kabla ya kula, ajue amechinjiwa nini. Mwololo akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na beseni, na ndani ya beseni mlikuwa na maganda meusi yaliyoungua. Maundu aliyapindua kwa ncha ya kisu. Akauliza kama mbuzi huyo alikuwa mgonjwa.

Mwololo alilirudisha beseni nyuma ya nyumba. Akaleta ubao wake, akalaza biringanya juu yake, akazikata mbele ya wageni kwa ule ufundi wake, tak tak tak, rundo la chumvi pembeni, kachumbari, ugali wa moto. Bedan akachukua kipande, akakichovya kwenye chumvi. Akachukua cha pili. Cha tatu hakukichovya tena, alikisukuma kinywani na ugali kama mtu aliyeshinda njaa, na Mwololo, aliyekuwa amesimama na kisu kama anavyosimama kazini, akajikuta anatabasamu kwa mtu ambaye yeye alimchukia tangu mwezi wa nne.

Kwa bahati mbaya Maundu pia alikuwa anatafuna. Alitafuna kwa muda, akitafuta mfupa. Kisha akaweka kisu chini.

"Hii ni mboga," alisema. "Mimi nimetoka Bisil kuja kuona msichana akichumbiwa na mboga. Mwololo, hapa hakuna kitu kimefanyika. Hawa watoto warudi kwao."

Bedan akaacha kutafuna. Kamene akashika kamba ya mkoba wake. Mwololo alijua kwamba akinyamaza sasa, hilo geti litafungwa na halitafunguliwa tena na huyo mtoto. Akasikia mdomo wake ukisema mambo ambayo yangemfanya afukuzwe kazi Kitengela nzima.

"Hii ni mbuzi," alisema. "Ni mbuzi ya huyu kijana. Nimeichoma mimi, na kama mimi sijui mbuzi, hakuna mtu anajua."

Maundu alimtazama ndugu yake. Wamekua pamoja, wamechunga pamoja, na hajawahi kumsikia akidanganya juu ya nyama. Kwa mzee wa soko, neno la mchomaji si jambo la kupuuzwa. Akafikiri. Akauliza shingo iko wapi, akaonyeshwa, akakubali. Akauliza paja, Mwololo akaonyesha upande ulionona. Akauliza maini, na hapo Bedan, kwa upole, akaonyesha sehemu yenye mbegu. Maundu akaitika kwa kichwa, bila kucheka hata kidogo.

"Sawa," alisema. "Kama ni mbuzi, iko na kichwa. Na kichwa ya mbuzi ya msichana inakuliwa na baba yake, watu wakiona. Asipokula, hakuna kitu imefanyika."

Wote wakatazama ubao. Kichwa kilikuwa kikonyo: kile kikofia kigumu cha kijani, kimeungua nusu, na miiba yake midogo bado imesimama.

Mwololo akakiokota. Hakukichovya hata kwenye chumvi. Akakitia kinywani chote na kufunga mdomo, na kwa mara ya kwanza uani ikasikika sauti ya mfupa. Macho yakamjaa maji. Aliona haya, aliona uchungu, na katikati ya hayo yote alikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

"Dad, hiyo haikuliwi," Kamene alisema.

"Najua," alisema Mwololo, akaendelea kutafuna.

Maundu alisubiri mpaka koo la ndugu yake likapanda na kushuka. Ndipo akafuta kisu chake, akakifunga tena kwenye gazeti, akamgeukia Bedan na kumuuliza wazazi wake watafika lini kuposa. Bedan alianza kujibu. Kamene hakusikia jibu lenyewe. Alikuwa ameacha mkoba kwenye kiti, yuko jikoni anamchotea baba yake maji.