Dagaa Waliosubiri Strontiamu

Siku ya kwanza maabara nilipewa kisu na ndoo ya chaza. Nilikuwa nimeacha shule Puge darasa la sita, nimerina asali Ipole, nimepakia tumbaku, kisha nikapanda treni hadi pwani bila kujua natafuta nini. Mkuu wa maabara aliniuliza, "Unaogopa kuuliza?" Nikasema siogopi. "Basi baki."

Kazi yetu ilikuwa kutafuta mionzi katika viumbe vya bahari. Samaki tulimkausha, tukamchoma kwenye tanuri hadi jivu jeupe, jivu tukaliyeyusha kwa tindikali. Humo tulitafuta strontiamu, metali inayojificha kwenye mifupa kwa kuwa mwili huidhania chokaa. Tuliitenga na chokaa hatua kwa hatua, kisha tukaiacha. Ikikaa huzaa metali nyingine, itriamu, na mtoto huyo ndiye tuliyempima ndani ya sanduku la madini ya risasi, yanayozuia mionzi ya nje. Hukua kwa wiki mbili hivi, na hakuna wa kumharakisha.

Msimu mmoja wa mvua uvumi ulienea kwamba dagaa wa baharini wana sumu. Magunia ya Bi Zuhura, mchuuzi wa sokoni Tabora, yakazuiwa kwenye banda la stesheni. Nilitumwa kuchukua sampuli.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe si mtu wa huku huku? Waambie wakubwa wako banda linavuja, na mtaji wangu wote umo humo."

Niliporudi, Mkuu aliagiza dagaa wachomwe wazima. "Tabora hawatupi kichwa wala miba." Nikamweleza kuhusu banda, nikamwomba apime mapema.

"Nikipima kabla mtoto hajakua, nitaandika safi hata kama ni sumu. Utakula dagaa hao wewe?"

Tukasubiri. Walikuwa safi. Nilipofikisha cheti Tabora, magunia yalikuwa yamejaa funza.

Bi Zuhura alikisoma, akakikunja. "Na funza nao mmewapima?"

Alikopa, akaleta mzigo mwingine. Hakuna aliyenunua, watu walisikia kuzuiwa, kuachiwa hawakusikia. Nikaomba likizo, nikakaa mbele ya meza yake nikitafuna dagaa wazima, wapita njia waone.

"Mjomba kashazoea sumu huyo!" kijana mmoja akapiga kelele, soko likacheka. Bi Zuhura hakucheka. Kabla ya kiangazi aliifunga meza.

Sasa nimestaafu, naishi Tabora. Vijana huniuliza kama Mkuu alikosea. Hakukosea. Kazi ile haikuwa na njia fupi, na hilo halikumsaidia Bi Zuhura.

Pale kwenye meza yake wanauza vocha. Nikipita bado natafuna dagaa, kichwa na miba, ingawa hakuna tena wa kumwonyesha.