Mwavuli Aliouacha Nerima

Nerima anauza mapazia ya mitumba pale soko la Owino, Kampala. Mimi, Huguette, nauza vyombo kibanda cha pili, kwa hiyo hasira yake huwa inanifikia ikiwa bado ya moto. Alizaliwa Kenya, lakini ameishi mtaa wa Kisugu hapa Kampala miaka ishirini na miwili na watoto wote watatu amewazalia hapo. Aliponunua hisa za kampuni moja ya saruji, miaka kumi na mmoja iliyopita, alijiandikisha kwa kitambulisho cha Kenya kwa sababu ndicho kilichokuwa mkobani. Nami nilijiandikisha kwa karatasi zangu za Kongo. Wengi wa nje tulifanya hivyo, tukidhani hisa ni hisa.

Mwaka huu alilinganisha karatasi yake ya gawio na ya Abubaker, muuza viatu mwenye hisa sawasawa na zake. Abubaker alikatwa kodi kumi kwa mia. Nerima alikatwa kumi na tano, kodi ya mgeni asiyeishi nchini.

Tukaenda naye kwenye ofisi inayotunza daftari la wanahisa.

"Nnyabo, mama, wewe ni wa Kenya," karani akasema. "Kitambulisho yako ndiyo inasema."

"Kodi inauliza ninalala wapi. Haiulizi kitovu changu kilizikwa wapi."

Akamwekea barua ya mwenyekiti wa mtaa na leseni za kibanda, mwaka baada ya mwaka. Karani akazipekua. "Tutabadilisha kuanzia mwaka kesho. Ya nyuma imeenda."

Miaka kumi na mmoja, eti imeenda. Mimi ningenyamaza, sifichi. Mkimbizi hufundishwa kunyamaza mbele ya kaunta. Nerima hakufundishwa, na nilimwonea wivu.

Sasa, sisi wanahisa wadogo tuna desturi yetu ya aibu. Kwenye mkutano mkuu, wakati wa maswali ukifika, tunatoka kupanga foleni ya boksi la chakula na mwavuli wenye jina la kampuni. Wakubwa wanalijua hilo, ndiyo maana maswali huwa ya mwisho. Safari hii viti vilipoanza kusukumwa, Nerima alikuwa ameshashika kipaza sauti.

"Kaeni. Kuku ameshakufa, hawezi kukimbia."

Watu wakacheka, wakakaa nusu, ukingoni mwa viti. Akaeleza habari yake, kisha akauliza ni nani mwingine anayeishi hapa na ameandikwa mgeni. Mikono ikainuka ukumbi mzima. Na wangu pia.

Mkurugenzi akashuka kutoka meza kuu, akamwinamia. Nilikuwa nyuma yao, nikasikia. "Mama, ya kwako tutarudisha yote, wiki hii. Kaa tu."

Pesa hiyo ingemwezekea nyumba upya.

"Mkubwa anasema atanirudishia mimi peke yangu," akatangaza kwenye kipaza sauti. "Nimekataa. Daftari lirekebishwe kwa wote, na madai ya miaka ya nyuma yapelekwe kwa watu wa kodi kwa majina yetu sote. Iandikwe leo, kabla hatujatoka."

Foleni ya chakula ikarudi ndani, mmoja mmoja, mikono mitupu. Hakuna aliyekaa nusu tena. Mkurugenzi akatazama viti, akamtazama katibu, akaitikia kwa kichwa.

Katibu akafungua kalamu. "Jina ni Nerima, wa Kenya?"

"Nerima wa Kisugu," akasema. "Andika polepole, nione."