Maneno Ambayo Hayakuwamo Kwenye Filamu

Nikipita karibu na saluni ambamo wanawake wanafutwa rangi ya kucha, ile harufu kali hunirudisha nyumbani kwetu Likasi, kwenye meza ya chakula ambayo baba aliigeuza karakana kila Jumamosi. Mikanda ya filamu ilitufikia imechakaa na kukatikakatika, naye aliiunga kwa gundi iliyonuka vivyo hivyo, akiinua kila kipande dirishani na kukikagua kwa jicho moja. Mama alilalamika kwamba bukari yake, ule ugali wetu, imeanza kuwa na ladha ya gundi. Ilikuwa kweli.

Mimi huandika habari za sinema. Ndiyo kazi iliyonilisha. Kila mwaka gazeti moja huniomba orodha ya filamu za dunia ambazo mtu hapaswi kuzikosa, na kila mwaka naweka humo filamu moja ya zamani, isiyo na rangi, iliyotengenezwa katika nchi ya baridi, kuhusu wake za wachimbaji wa makaa. Wasomaji huuliza kwa nini hiyo, nami huwajibu mambo ya mwanga na kivuli. Jibu lenyewe sijawahi kuliandika.

Baba alikuwa fundi umeme wa kampuni ya madini. Siku za kazi alishughulika na nyaya za kiwandani. Jumapili saa tisa alasiri alionyesha filamu katika ukumbi wa kampi yetu, ile mitaa ya nyumba za matofali ambazo kampuni iliwapa wafanyakazi wake. Filamu zilitoka pande zote, katika lugha ambazo hakuna aliyezijua, na maandishi ya Kifaransa yaliyopita chini ya picha haraka kuliko wengi wetu walivyoweza kusoma. Basi baba alisimama kando ya mashine, akashika kipaza sauti cha bati, akayasema kwa Kiswahili chetu.

Kinywani mwa baba dunia nzima ilikuwa Likasi. Wavuvi wa Japani walikula bukari na sombe ya majani ya muhogo. Malkia wa Ulaya alimgombeza mumewe kwa kurudi nyumbani amelewa lutuku. Farasi mmoja alipewa jina la jirani yetu, na jirani mwenyewe alikuwa amekaa palepale, akicheka mpaka machozi.

Kabla ya filamu zilitangulia habari za serikali. Uso wa mkuu wa nchi ulitokea mawinguni, nasi tukasimama na kupiga makofi mpaka viganja vikawasha. Hizo baba hakuzitafsiri.

Jumapili ninayoikumbuka nilikuwa na miaka tisa. Katika filamu ile ya makaa mgodi umeporomoka, wake za wachimbaji wamesimama langoni kwenye theluji, na mkurugenzi anatokea barazani juu. Anavua kofia, anasema maneno machache, anarudi ndani. Baba aliinua kipaza sauti. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba:

“Ba mama, mulie polepole. Mukubwa iko nalala.”

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Wanaume walipigapiga viti. Mzee mmoja alitoka nje akicheka huku amejifunika uso kwa koti lake. Nilicheka kuliko wote. Nilidhani mukubwa ni yule mwenye kofia, si yule wa mawinguni.

Nilikuwa na kipaji kimoja: filamu niliyoiona mara moja niliweza kuisimulia yote, kwa sauti za kila mtu na mikono yake. Jumatatu asubuhi, baada ya nyimbo za chama ambazo tuliziimba na kuzicheza uwanjani kabla ya masomo, mwalimu wetu Citoyen Kalenga aliniita mbele nisimulie. Hakuna aliyeitwa bwana siku hizo. Wote walikuwa citoyen, raia. Nikasimulia. Nilipofika kwa mkurugenzi nilivua kofia isiyokuwapo, nikatoa sauti ya baba, na darasa likaanguka kwa kicheko.

Mwalimu hakucheka. Alisubiri watulie, akaniuliza kwa upole kabisa:

“Ile maneno ilikuwa mu filme, ao ni baba yako njo aliisema?”

Ningeweza kusema ilikuwa kwenye filamu. Lakini niliona anamnyang'anya baba sifa yake.

“Ni baba!” nikasema. “Filme iko nasema kizungu tu. Ni baba njo iko naitengeneza.”

Akanipa kipande cha chaki ya buluu, zawadi ya kusimulia vizuri. Nilitembea nacho hadi nyumbani nimekikumbatia kiganjani, na jioni nikachora nacho samaki kwenye saruji ya mlangoni.

Jumatano wakati wa chakula cha mchana walikuja wanaume wawili. Hawakupaza sauti. Baba alimaliza tonge lililokuwa mkononi, akanawa, akamwambia mama, “Miye nakuja.” Alirudi baada ya wiki tatu, viatu havina kamba, na sikio lake la kushoto halikusikia tena. Kazi alikuwa ameshaipoteza, na kwa kuwa nyumba ilikwenda na kazi, tulihamia mtaa wa Kikula, kwenye vyumba viwili alivyotujengea mjomba. Mama akauza samaki wakavu sokoni. Baba akatengeneza redio za watu. Ukumbini wakaweka fundi mwingine aliyeziacha filamu ziseme lugha zao, na watu wakapungua mpaka wakaufunga.

Mimi niliendelea kutafuta filamu popote zilipoonyeshwa, kwa mapadri, shuleni, nikamletea baba masimulizi yake kama mtu anavyomletea mgonjwa matunda. Alisikiliza mwanzo tu. “Muzuri, mwanangu,” alisema, kisha akainuka kwenda kuangalia kitu uani. Mara nyingi niliingia nikamkuta na rafiki zake wanaongea kwa nguvu, na mara wakahamia kwenye habari za mvua. Nilisema ni lile sikio. Nilisema baba amezeeka. Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma mbali, alinisindikiza hadi stesheni, na njia nzima alizungumza juu ya bei ya mahindi.

Filamu ile niliiona tena nikiwa mtu mzima, katika ukumbi wa viti laini, na tafsiri nzuri chini. Mkurugenzi anavua kofia, anasema utafutaji utaendelea Jumatatu. Basi. Watu waliokaa kando yangu walilia. Mimi nilikuwa nimekaza mikono kwenye kiti, nikisubiri maneno ambayo hayakuja.

Tulipomzika baba nilikaa na mama jikoni, tunachambua sombe za wageni. Nikamwambia kile nilichokibeba tangu nilipokua na kuelewa: kwamba ni mimi niliyemponza, na kwamba namshukuru Mungu baba amekufa hajui.

Mama hakuinua macho.

“Alijua,” akasema. “Siku ya kwanza. Balimusomea maneno yako yote. Hata namna ulivua kofia.”

“Mbona hakuniambia?”

“Weye ulikuwa mutoto. Alisema, huyu hana mubaya. Iko na kichwa kizuri tu, kila kitu anasikia anashika. Akatukataza kukugombeza.” Akatupa shina kwenye ndoo. “Akatukataza pia kusema kitu mbele yako.”

Nilihesabu baadaye. Kutoka Jumatano ile hadi siku niliyopanda treni ni miaka kumi na moja. Miaka yote hiyo tulikula sahani moja, na baba yangu, aliyewasemea wafalme na wavuvi wa dunia nzima, alipima kila neno kabla ya kulitoa, kwa sababu nami nilikuwamo chumbani.