Mpira Haukuwa na Kosa

Mshonaji wa mtaa wetu tulimwita Mama Pindo, maana sketi ikipita mikononi mwake, pindo halifumuki mpaka kitambaa chenyewe kichoke. Alikuwa na gari la zamani aliloachiwa na kaka yake. Ndilo alilompelekea mumewe hospitali kwa mazoezi ya kunyoosha mguu, tangu mzee apate kiharusi.

Tatizo lilikuwa mafuta ya breki. Yalivuja kwenye gurudumu la nyuma, kushoto. Fundi wake alibadilisha mipira ndani ya silinda ya breki, ile inayozuia mafuta yasitoke. Gari likatulia. Baada ya wiki chache tairi likalowa tena. Akaweka mipira mingine, mambo yakawa yale yale.

"Mipira ya siku hizi bandia tupu," fundi akalalamika.

Siku moja wakitoka hospitali, kwenye mteremko, Mama Pindo alikanyaga breki, pedeli ikazama mpaka chini. Akakanyaga tena na tena, akashusha gia, akavuta breki ya mkono, gari likasimama pembeni ya barabara.

Mumewe akashusha pumzi. "Mke wangu, mguu mmoja mbovu unanitosha."

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Fundi aliposikia hakucheka. Alilivuta gari hadi gereji. "Mama, haliondoki hapa mpaka nijue nini kinakula mipira yangu."

Akafungua gurudumu, akatoa ule mpira mpya. Ukingo wake ulikuwa umechanika. Akaipapasa silinda kwa ndani. "Mbona laini tu?"

"Hebu nipishe," akasema Mama Pindo.

Kidole cha fundi kilikuwa na sugu. Cha Mama Pindo kilizoea kutafuta uzi ulionasa kwenye hariri. Kilizunguka taratibu, kikasita.

"Hapa. Pana kishimo, kinakwaruza."

Fundi akapafuta, akamulika tochi. Kutu ilikuwa imechimba chuma.

"Loo! Namlaumu mgeni, kumbe mwenye nyumba ndiye mwenye meno!"

Silinda ya gari la umri ule haikuwepo dukani. Fundi akaisaka kwa marafiki wenye magari mabovu, na siku zote hizo akawa anampeleka mzee hospitali kwa gari lake mwenyewe. Mama Pindo akianza kushukuru, anamkatiza kwa kuuliza habari za mguu. Silinda ilipopatikana, hakuifunga kwanza.

"Pitisha kidole, mama. Mimi sijiamini tena."

Ilikuwa laini kama kioo. Wakatoa upepo kwenye breki, Mama Pindo akikanyaga pedeli, fundi akiwa chini ya gari. Pedeli ikawa ngumu, na tairi halijalowa tena mpaka leo.

Safari ya kwanza ya hospitali ilipokwisha, mzee aliomba wapitie gereji. Akakataa kushikwa. Akashuka na fimbo yake, akavuka ua polepole, hatua kwa hatua, Mama Pindo akimtazama kwenye kioo cha gari.

"Nimekuja kukushukuru kwa miguu yangu mwenyewe," akamwambia fundi.

Fundi akatafuta kitambaa afute grisi. Mzee hakumngoja, akaushika mkono wake hivyo hivyo.